Soksi Ndani ya Kengele

Watoto walikuwa wamekula njama. Binti mkubwa, yule wa benki, alichanga. Mdogo wake, fundi wa majokofu, naye akachanga. Kitindamimba, ambaye mfukoni hana kitu, akachangia maneno. Siku ya kuadhimisha ndoa ya wazazi wao wakawakalisha sebuleni, kwenye kochi lile lenye springi moja inayochoma, wakawaambia: wiki nzima, nyinyi wawili, kwenye boti ya matanga, kisiwa hadi kisiwa, na kazi yenu ni kula na kuangalia maji.

Baba yao akakataa papo hapo. Alikataa kwa hotuba, kama anavyokataa kila kitu. Jina lake la kuzaliwa wengi walishalisahau. Mtaa mzima unamwita Kipaza, kwa sababu miaka ile ya kiwanda cha sare hakuhitaji kipaza sauti ili asikike kutoka getini hadi bohari. Akasema boti za namna hiyo ni za watu waliokula jasho la wenzao mpaka wakavimbiwa. Akasema hajawahi kuhudumiwa na hataanza uzeeni. Mkewe alikuwa anamenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba yeye angependa kwenda.

Hilo tu. Mwanamke aliyewapikia wagomaji uji kwa mapipa, aliyelala getini na mtoto mgongoni wakati mabwana wakila chakula cha jioni kwenye ghorofa ya juu na mapazia wazi, hakuwa amewahi kusema kwamba angependa kitu. Kipaza akafunga mdomo. Wakaenda.

Boti ilikuwa nyeupe, sitaha yake imesuguliwa mpaka unaweza kujitazama. Ilikuwa na watu wawili wa kazi. Mmoja ni nahodha, mwanamume mkavu wa maneno. Wa pili ni mpishi, mwanamke wa makamo mwenye mikono mifupi yenye nguvu. Huyu mpishi alikuwa pia mfuaji, mtandika vitanda, mvuta kamba na mtupa nanga, yote hayo kwa mshahara wa mpishi. Kipaza aliliona hilo kabla hajaweka begi chini. Macho yake hayajui kuikosa kazi isiyolipwa.

Nyuma, penye viti vya mito, ilining'inia kengele ndogo ya shaba. Nahodha akaeleza kwamba wakihitaji chochote, wagonge tu, mpishi atakuja. Kipaza akaitazama kengele kama mtu aliyemkuta mgoni wake harusini. Akaketi, akavua kiatu, akavua soksi, akaishindilia ndani ya kengele mpaka ulimi wake ukanyamaza.

"Humu hapigiwi mtu kengele," akasema. "Tukihitaji kitu tutajichukulia wenyewe. Miguu tunayo."

Mkewe akacheka, akasema angalau angechagua iliyofuliwa.

Mpishi alikuwa kwenye ngazi za jikoni, amesikia yote. Akapanda taratibu, akijifuta mikono, akamtazama mzee yule usoni kwa muda, kisha akamuuliza kama si yeye aliyeitwa Kipaza. Mama yake, akasema, alikuwa safu ya tatu katika ukumbi wa kushonea wa kiwanda cha sare.

Hapo hapakuhitajika maelezo zaidi. Katika ukumbi ule wanawake hawakuitwa kwa majina. Msimamizi wao, waliyembandika jina la Bwana Saa, aliweka kengele mezani. Mlio mmoja, safu ya kwanza inasimama. Milio miwili, safu ya pili. Mitatu, ya tatu. Safu ikishasimama, visigino pamoja, aproni imenyooshwa, kichwa chini, Bwana Saa anapita akichagua wa kumtukana. Anayechelewa kuinuka aliulizwa kwa sauti ya puani: "Vipi, miguu umeazima?" Mkewe Kipaza alikuwa safu ya pili, wa kushona vifungo. Wakati huo alikuwa bado mchumba.

Na ni Kipaza, kijana wa kupiga pasi, aliyeingia siku moja mchana kweupe, akaichukua kengele ile mezani, akatoka nayo, akaenda kuitumbukiza kwenye shimo la choo cha wafanyakazi. Aliposhikwa na askari wa geti akamwambia kama anaitaka, njia anaijua. Mgomo wa kwanza ulianzia pale. Ulipokwisha, wanawake wa ukumbi ule waliitwa kwa majina yao, na Bwana Saa alihamishwa kwenda kuhesabu vitambaa.

"Mama alitusimulia hiyo ya choo mpaka anakufa," mpishi akasema. "Kila akisimulia anacheka upya."

Kisha akashusha sauti. Watumishi wa boti walikuwa wameanza kuzungumza. Jumamosi, siku ambayo boti ingerudi, wangekutana nyuma ya bohari la matanga pale gatini. Waoga ni wengi, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme kwanza. Je, baba angekubali kuja kuwaambia neno? Wakimwona yeye, alisema, watanyoosha migongo.

Kipaza alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Usiku ule alilala na hotuba kichwani kama kijana aliyelala na barua ya mchumba.

Wakaondoka. Tanga likashika upepo, boti ikainama kidogo ubavu, na mkewe akashika mkono wake kama siku za zamani. Visiwa vilikuja kimoja kimoja: kimoja cha mchanga mtupu na ndege, kingine chenye minazi imelala upande mmoja kama watu wanaosikiliza mlangoni. Maji yalikuwa masafi kiasi kwamba nanga ilionekana kule chini ilikolala. Mkewe alitia miguu majini akashinda hivyo. Nahodha akamfundisha kushika usukani, na alipofaulu kuigeuza boti akajipigia makofi mwenyewe. Mchana alilala. Kipaza hakuwa amewahi kumwona analala mchana pasipo homa.

Siku ya kwanza Kipaza aliosha sahani yake. Nahodha akamnong'oneza kwamba mwenye boti ana macho kila mahali, na mgeni akionekana anaosha vyombo, atakayeulizwa si mgeni. Hoja ilikuwa na uzito, kwa hiyo Kipaza akaiacha sahani kwa ajili ya mpishi. Siku ya pili akaiacha kwa hoja ile ile. Siku ya tatu akaiacha.

Siku hiyo walitia nanga kwenye ghuba ndogo iliyotulia, na palikuwa na boti nyingine karibu, kubwa kuliko yao. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa kofia pana, amezungukwa na wageni wake. Maji yalikuwa kimya, mtu unaweza kuzungumza kutoka boti hadi boti bila kupaza sauti. Wakasalimiana. Bwana wa kofia akasifia shati la Kipaza, lile la maua alilonunuliwa na binti yake. Akamuuliza biashara zake zinaendeleaje. Kipaza akasema haziendi vibaya.

Ona jibu hilo. Ni mtu aliyepiga pasi suruali za wenzake mpaka kidole gumba kikafutika alama zake!

Bwana wa kofia akagonga kengele yake, ting, ting, na mtumishi akatokeza mbio na sinia. Kisha akaiona kengele ya jirani, akauliza kwa nini imevishwa soksi, au inaona baridi? Wageni wake wakacheka.

Jibu lilikuwepo. Kipaza alikuwa amelisimulia harusini, msibani, kinyozini, kwa watu walioomba na wasioomba. Angesema tu: bwana mkubwa, kaa nikueleze habari za kengele. Lakini ndani ya shati lile, na mto nyuma ya mgongo, hakutaka kuwa mpiga pasi. Kwa dakika moja ile alitaka kuwa mtu mwenye boti. Akacheka pamoja nao, akasema ameianika tu, akaichomoa soksi, akaitia mfukoni. Akagonga kama alivyoona mwenzake anagonga. Ting, ting.

Mkewe alikuwa amelala kwenye mito, pale pale pembeni yake. Alisimama. Alisimama kabla hajaamka, macho bado yamefumba, visigino pamoja, kichwa chini, na mikono yake ikinyoosha tumboni aproni ambayo haikuwepo.

Mpishi naye akapanda kutoka jikoni, unga umemganda viganjani. Wanawake wawili wakawa wamesimama mbele yake. Bwana wa kofia anatazama. Hapo ndipo ulimi wa Kipaza ungeokoa kitu, maana ulimi huo ndio uliookoa watu wengi. Badala yake ulitafuta mzaha wa kuwafurahisha wale wa ng'ambo, ukaokota ulio karibu zaidi.

"Vipi," akamwambia mpishi, "miguu umeazima?"

Hata sauti ilitoka puani.

Kwenye boti ya pili walicheka sana. Mkewe akafumbua macho. Akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa bado inanyoosha hewa, akatazama kengele, akamtazama mumewe. Kisha akakaa chini polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

"Nikuletee nini, mheshimiwa?" mpishi akauliza. Tangu siku ya kwanza alikuwa akimwita baba.

"Maji," Kipaza akasema. Jagi la maji lilikuwa mbele ya goti lake. Mpishi akainama, akammiminia, akashuka.

Kipaza akatoa soksi mfukoni. Akaisukuma ndani ya kengele, haikuingia. Mkewe akamwambia asijisumbue, kengele imeshasema. Hakusema kingine mpaka jua lilipozama, na hata hapo aliongea na nahodha, kumuuliza kesho upepo utatokea wapi.

Wakati wa kuosha vyombo Kipaza alishuka jikoni. Chumba kilikuwa finyu, huwezi kuomba radhi bila kugusana mabega. Alianza vizuri. Alisema amekosa. Lakini ulimi wake haujui njia fupi: ukapitia unyonyaji, ukapitia jinsi starehe inavyomla mtu kama mchwa, ukafika kwenye historia ya kengele duniani. Mpishi alikuwa anakanda unga wa mikate ya kesho. Alimwacha amalize.

"Mzee," akasema, "hiyo kengele nimepigiwa na kila namna ya mtu. Sikasiriki. Ila lile la Jumamosi, acha tu."

Kipaza akauliza kama atawaeleza wenzake.

"Niwaeleze nini? Kwamba mgeni alipiga kengele?" Akaugeuza unga, akaupiga ngumi. "Hiyo nayo ni habari?"

Siku zilizobaki Kipaza aliosha vyombo vyote. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemshukuru. Visiwa viliendelea kuja, vizuri vile vile, na kila kimoja alikitazama kama mtu anayekula chakula cha msiba wa adui yake. Mkewe alirudi kushika usukani. Alicheka na nahodha, alitia miguu majini. Lakini mchana hakulala tena. Aliketi macho wazi, na kila Kipaza aliposogeza mkono kuelekea kule nyuma kwenye kengele, hata kama ni kuchukua kofia, aliona mabega ya mkewe yanakaza.

Jumamosi mchana boti ikafungwa gatini. Mpishi akawashushia mabegi. Hakumpa Kipaza mkono, akamshika mkewe kwa mikono yote miwili. Akamwambia wenzake wameshaanza kukusanyika, na kama mama ana nafasi, yeye aliyekaa safu ya pili, aje akae nao kidogo. Mkewe akamtazama Kipaza, si kwa kuomba ruhusa, bali kama unavyomtazama mtu kuona amekaa wapi, usije ukampoteza. Akaenda.

Kipaza akabaki na mabegi, kwenye benchi lenye madoa ya rangi, nje ya ukuta wa bohari la matanga. Wavuta kamba, wapishi na wafagiaji wa sitaha walipita mbele yake mmoja mmoja wakizunguka kona, na vijana wawili walimsalimia kwa heshima ya mzee yeyote tu. Kule nyuma minong'ono ikaanza, kisha ikakatika, na akasikia sauti moja ya mwanamke ikipenya matofali. Alihitaji muda kuitambua. Miaka yote waliyoishi pamoja hakujua kwamba mkewe anaweza kusikika ng'ambo ya ukuta. Maneno hayakumfikia. Kilichomfikia ni kicheko, kikubwa, cha watu wengi kwa pamoja, na Kipaza akainamisha uso akaanza kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa.

Mkewe alirudi na vumbi kwenye pindo la gauni. Kipaza akajitwika mabegi yote mawili, na yeye hakubisha. Walipofika barabarani Kipaza akashindwa kuvumilia, akauliza kama walimuulizia.

"Sana. Nimewaambia una mafua, sauti imekauka."

"Na kile kicheko?"

"Nimewasimulia ile ya choo. Halafu ya soksi. Soksi wameipenda, sijui hata nisemeje. Wanasema wiki ijayo kila kengele ya gati hii itavaa soksi."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nikaishia hapo."

Kipaza akatembea. Angemwambia: rudi kawamalizie. Angesema: bora ungenivua nguo. Aliyatafuta maneno ambayo hayajawahi kumkimbia mbele ya askari wala mbele ya mabwana, hakupata hata moja. Mwanamke huyu alikuwa ametoka kulinda jina lake, kwa uongo, mbele ya watu ambao Kipaza alitaka kuwafundisha ukweli, na miguu ya mwanamke huyo huyo bado inaikumbuka kengele.

Simu ikalia. Alikuwa binti mkubwa, wa benki, anataka kujua safari ilikuwaje. Mkewe akampa Kipaza simu, Kipaza akatikisa kichwa. Akairudisha sikioni kwake.

"Ilikuwa nzuri, mwanangu," akasema. "Nzuri sana. Nimejifunza kugeuza boti. Baba yako? Yupo hapa. Amepata mafua tu, hawezi kuongea."

Akamsogezea Kipaza simu mdomoni. Kipaza akaweka mabegi chini, akakohoa, ili binti asikie.