Ukimya wa Kwemtindi

Alhamisi moja ya mwaka 1994, siku ya soko, Efrazia alikuwa akibandika maelezo chini ya picha katika ghala la zamani la ushirika, Lushoto mjini. Ghala lilikuwa limepakwa chokaa na kugeuzwa ukumbi wa maonyesho. Makumbusho ya Dar es Salaam yalimtuma yeye kuyaandaa kwa sababu alizaliwa huku. Alikuwa ameshapanga majembe, makopo ya maziwa, picha ya mzungu na mbwa wake, na ramani ya shamba la serikali lililokuwa likiuzwa kwa mwekezaji. Kwenye ramani hiyo kijiji cha Kwemtindi hakikuwapo. Palikuwa na rangi ya kijani tu.

"Watu wa Kwemtindi tunawaweka wapi?" alimwuliza Zabron, afisa utamaduni.

"Walete kitu chao. Wakiwa na kitu, meza ipo."

Marta, mama yake Efrazia, alikuwa mtu wa Kwemtindi. Kila alipoulizwa alikozaliwa alisema "huko juu," kisha akageukia sufuria. Kwa hiyo Efrazia hakumwuliza yeye. Alipanda hadi Gare kwa Bibi Sabra, jirani yao wa zamani, aliyekuwa akiishi kwa mkwewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tukae huku uani. Chumbani hatutasikilizana."

Efrazia alieleza shida yake. Bibi alifikiri. Vyungu vilisagwa na trekta, alisema, na milango ilichomwa. Kilichobaki ni ule ukimya. Siku walipohamishwa waliambiwa kwamba atakayelisema jambo lile atafungwa. Wakanyamaza kaya zote, ukimya ukawa mwingi hata ukahitaji chombo, wakautia kwenye tenga. Tangu hapo walikuwa wakipokezana kuutunza, masika kwa huyu, kiangazi kwa yule.

"Mtoto hulala vizuri karibu nao," bibi alisema, "ila huchelewa kusema."

Efrazia alikumbuka masika moja, akiwa darasa la saba, mama yake akisonga ugali na mwiko usisikike. Alidhani ni kwa sababu ya mvua.

"Mkiutoa, hamtauhitaji tena?"

"Tumechoka kuubeba. Upeleke. Hongea," bibi alimshukuru kwa Kisambaa.

Mkwe wa bibi na mwenzake walilitoa tenga uvunguni, limefunikwa majani ya mgomba, wakaliteremsha hadi barabarani wakipumzika njiani. Lilikuwa zito kuliko tenga la viazi.

Ukumbini Efrazia alilipa meza ya katikati na kuandika kadi: *Ukimya wa Kwemtindi. Mali ya watu waliohamishwa.* Zabron aliisoma, akatoa kalamu, akakata neno la mwisho na kuandika juu yake: *waliohama*.

"Mwekezaji atakuwepo," alisema.

Efrazia aliiandika upya. Aliutazama mkono wake ukifanya kazi. Herufi zilinyooka vizuri.

Siku ya ufunguzi, mgeni rasmi alisimama mbele ya meza ile na kusoma hotuba yake yote. Hakuna kilichosikika. Alipomaliza alikunja karatasi, watu wakapiga makofi, nayo hayakusikika. Zabron akawapungia mkono watoke nje, na pale kwenye turubai mgeni rasmi aliisoma tena tangu mwanzo. Nje ilisikika vizuri: shamba lilikuwa limepata mmiliki mpya, na ajira zitakuja.

Wazee wa Kwemtindi hawakutoka. Walibaki wamelizunguka tenga lao.

Baadaye mwekezaji alisema angependa kuuchukua ukimya ule, maana vyumba vya wageni wake vilitazama barabara ya malori. Zabron alikuja hadi mlangoni, akawauliza wazee kama kuna mwenye pingamizi. Midomo yao ilicheza, wa mbele kisha wa nyuma. Zabron alisubiri kwa adabu. Hakusikia neno, akasema basi.

Tenga likaondoka na gari la mwekezaji. Jioni ile Marta alikuwa akimenya viazi na bintiye.

"Ulikuwa na kaka," alisema. "Yohane. Hakufikisha mwaka. Tulimzika nyuma ya jiko, penye mpeasi."

Efrazia aliendelea kumenya. Alitafuta cha kuhisi, hakukipata.

"Tunafanana?"

"Masikio," mama alisema, akaendelea kusema hadi viazi vikaiva: nyumba ya nani ilipakana na ya nani, mfereji ulipita wapi, nani alilia na nani hakulia.

Jumapili, baada ya ibada, walipanda wote wawili hadi shambani. Uzio ulikuwa mpya. Mlinzi, kijana aitwaye Kassimu, aliwaamkia na kuwaeleza kwamba kuingia ni kwa ruhusa ya mwenyewe, na mwenyewe amesafiri. Marta akanyoosha mkono juu ya nyaya, kuelekea viazi vilivyotoa maua.

"Pale ndipo mwanangu alipo."

Kassimu alipatazama. "Naamini, mama. Hata bibi yangu alitokea hapa. Pale trekta huzama tairi. Tunajaza mawe, lakini linazama tu."

"Msijaze mawe."

"Nitamwambia msimamizi."

Ukungu ulikuwa ukiteremka. Waliagana vizuri, wakashuka kabla njia haijapotea. Kassimu alimwambia msimamizi kama alivyoahidi, na msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Jumatatu walimwaga kokoto.