Mzee Fungua na Mbavu za Mkwe

Baba yake Mshonaji hakuwa kichaa, ingawa majirani walikuwa na mashaka yao. Alistaafu ualimu wa hesabu, akapata kompyuta kuukuu, akaingia kwenye programu huria kama wengine wanavyoingia dini. Kilichomteka si kwamba zilikuwa za bure. Ni kwamba mtu yeyote aliruhusiwa kuzifungua, kuona zilivyoundwa, kuzirekebisha na kuwapa wenzake. Barua aliandikia LibreOffice, filamu alitazamia VLC, na bintiye Mshonaji alichora mitindo ya magauni kwa Inkscape, tena akaipenda kwelikweli.

Balaa ni kwamba Mzee hakuishia kwenye kompyuta. "Usichoweza kukitazama ndani si chako," alisema, akafungua mgongo wa redio, wa saa ya ukutani na wa jokofu. Akachana viti kitambaa. Mwishowe akang'oa milango ya vyumba vyote, akailaza uani. Chooni aliweka pazia, baada ya dada yake, shangazi wa Mshonaji, kuapa kutokanyaga tena pale. Mtaa mzima ukambatiza Mzee Fungua.

Ndipo Mshonaji akaleta mchumba, mpiga picha za eksirei hospitalini. Alimpenda mpaka akawa anashona mikono ya magauni kinyumenyume. Lakini tangu mama afariki walibaki nyumbani yeye na baba tu, na bila ridhaa yake asingeolewa.

Mchumba alikaribishwa kwenye kiti kilichochanwa, springi zikimfinya.

"Unaandikia programu gani, kijana?"

"Ile ya kawaida, mzee. Kuna rafiki yangu aliniwekea."

"Ya wizi?"

Mchumba akainamisha kichwa.

"Makubwa haya! Nzuri zinagawiwa bure, wewe unakwenda kuiba?"

Akabadilisha programu zake zote siku ileile, Mzee mwenyewe akimsimamia. Haikusaidia kitu.

"Kompyuta yake nimeiona," Mzee akamwambia bintiye. "Yeye ndani simjui. Mkwe aliyefungwa simtaki."

"Kwa hiyo umpasue, baba?" Mshonaji alifoka, machozi yakimlenga.

Wiki iliyofuata mchumba akarudi na bahasha kubwa. Akatoa picha ya kifua chake mwenyewe, akaibandika kwenye kioo cha dirisha. Mzee akavaa miwani, akakagua ubavu mmoja mmoja kama anayesahihisha mtihani.

"Hapa pana ufa."

"Nilijikwaa kwenye milango yako, baba. Ile uliyoilaza uani."

Shangazi, aliyekuja kumwona mkwe, alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa nguo. Mzee hakucheka.

"Na moyo?"

"Huo hapo."

Aliutazama kwa muda mrefu, akakosa cha kusahihisha. Hata hivyo akakunja miwani na kusema atafikiria. Hapo Mshonaji uvumilivu ukamwisha.

"Sasa zamu yako, baba. Umefungua kila kitu humu ndani, mbona wewe mwenyewe hufunguki?"

Mzee alishikashika miwani yake.

"Naogopa," akasema. "Ukiondoka, mwanangu, nitabaki naongea na redio."

Shangazi akaenda kuchungulia jokofu.

Basi Mzee akaridhia, ila kwa masharti kama ya programu zake: anayechukua na kuboresha, sharti arudishe nyumbani. Kila Jumapili.

"Mimi si programu, baba."

"Najua. Programu ukimpa mtu, nakala inabaki kwako."

Jumapili ya kwanza baada ya harusi walikuja. Redio ilikuwa wazi, saa wazi, jokofu linanguruma utumbo nje. Picha ya mbavu za mkwe bado iko dirishani. Ila chumba cha zamani cha Mshonaji kilikuwa kimerudishiwa mlango, na mlango umetiwa kufuli.

"Baba, na huu vipi?"

Mzee aliendelea kumimina chai.

"Huo uache," akasema. "Humo sitaki kuona ndani."