Uso wa Shakira

Katika Koboko yote, bibi harusi asiyepita mikononi mwa Mariam Poni alihesabiwa kuwa ameolewa kwa haraka. Mama huyu alijua kutengeneza dilka, ule unga uliokandwa kwa mafuta na manukato, na kumsugua nao mwari mpaka ngozi ing'ae. Kwa hiyo zamu ilipomfikia Shakira, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno, aliapa kumfanyia dilka itakayosimuliwa.

Tatizo lilikuwa chunusi. Si vile vipele vya usichana vinavyokuja na kwenda, la! Mavimbe magumu, mekundu, mashavuni hadi shingoni. Mariam hakutishika. Dawa ya moto ni moto, alisema, akazidi kusugua. Shakira alifumba macho akanyamaza, maana kwao msichana anayelia kwenye dilka huchekwa mpaka azeeke. Haukupita muda mavimbe yakapasuka, naye akawa anajifunika mtandio hata ndani ya nyumba.

"Anti, ambia Yasiri atafute mwingine," alisema. "Mimi siendi harusi na uso hii."

Maneno hayo yalimkata Mariam maini. Kesho yake walikuwa Arua, kwa daktari wa ngozi, Agnes Keji.

Daktari aliyagusa mashavu taratibu. "Mama, chunusi hapana moja. Ile ndogo, nyeusi-nyeusi, krimu peke yake natosha. Ile nyekundu iko na usaha, tunaongeza vidonge. Lakini hii iko ndani sana, naacha kovu. Hii nataka dawa kali. Na dilka, hapana tena. Naongeza kidonda."

"Basi tupe hiyo kali, Daktari."

"Iko neno moja. Akikunywa hii dawa, hapana shika mimba, mpaka amalize, labda karibu mwaka, na mwezi moja ipite. Naharibu mtoto tumboni."

Kwao, harusi ikipita miezi michache tu bila habari njema, majirani huanza kulitazama tumbo la mke. Nani angemwambia Yasiri? Mariam akapiga moyo konde: mkono uliosugua ndio wenye kosa, basi na mdomo wake useme.

Yasiri, fundi wa pikipiki, alikuja akaketi mkekani. Shakira alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Mariam alimweleza yote bila kuficha: dilka, dawa, na mtoto ambaye angesubiriwa labda mwaka mzima.

"Kama unatuacha, hatuna lawama," alimaliza. "Kosa iko yangu."

Yasiri akasema, "Mtoto atangoja. Na mama yangu mzazi, mimi mwenyewe nitaongea na yeye." Akaligeukia pazia. "Shakira, hiyo uso iko nauma wewe?"

Kilio kikatoka chumbani, kilio cha mtu aliyejizuia siku nyingi.

"Inauma," alisema Shakira. "Inauma sana."

Mariam alijiziba mdomo. Siku zote hizo alikuwa ameuliza kama ngozi inalainika, kama mavimbe yanapungua, kama watu wataona. Kama inauma, hakuwahi kuuliza. Akainuka, akaingia, akaketi chini kando ya mtoto wake, mikono ameiweka mapajani, akiogopa kumgusa.

Shakira akamwegemea begani, kwa shavu lile lenye nafuu.