Sebule Iliyotulia

Nilichoka kuishi kwenye sebule iliyojaa kama duka la zawadi. Nikapaka kuta rangi ya maziwa na kugawa mapambo yote. Maua ya plastiki nilimpa jirani wa juu, saa ya ndege anayelia nikampa fundi cherehani wa chini, na vitambaa vya makochi nikampa shoga yangu. Tukabaki na kochi moja, mkeka na dirisha. Mimi na mume wangu tukalala chali sakafuni, tukicheka kama tumetekenywa.

"Sikia," alisema, "hata mwangwi tunao!"

Mama mkwe akaingia bila hodi, kama kawaida yake. Alitazama kuta, akashika kichwa.

"Uwii! Wanangu wameibiwa!"

"Hapana, mama, ni mtindo tu..." mume wangu alianza.

"Nyamaza, mwanangu, hujielewi kwa mshtuko!"

Tayari alikuwa kwenye ngazi akipiga yowe. Nilitaka kueleza, lakini kicheko kilinibana, machozi yakanitoka, na majirani wakadhani nalia. Kufumba na kufumbua, jirani wa juu akarudi na maua yake.

"Chukua, sasa unayahitaji kuliko mimi."

Fundi akaleta saa. Shoga yangu, aliyejua ukweli wote, akaleta vitambaa huku akinikwepa macho, mabega yakimtetemeka.

Mama mkwe alitandika kitambaa cha mwisho, akaketi, akashusha pumzi. Ndege akalia ukutani.

"Haya," alisema. "Sasa hapa pametulia."