Mnyonya Damu Aliyekosa Kukaribishwa

Jana usiku niliota nimekaa kwenye banda langu la video, hapa Korogwe, kipaza sauti mkononi, natafsiri filamu mbele ya mabenchi matupu. Katika ndoto ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Mabenchi kuwa matupu hakukunishangaza. Hata Jumamosi iliyopita, nilipoionyesha filamu hiyo kwelikweli, watu walitoka mmoja mmoja mpaka nikabaki na paka.

Ni filamu ya wanyonya damu, imetengenezwa kutokana na mchezo wa kompyuta. Binti mmoja, nusu mtu nusu mnyonya damu, anapigana kwa mapanga mawili dakika tisini, na hakuna anayejua anagombania nini. Damu yenyewe ni sharubati ya rozela. Meno waliyombandika yanamfanya aongee kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mteja mmoja aliniambia bora angebaki nyumbani akaangalia mvua.

Sisi watafsiri tuna desturi zetu. Muigizaji wa ng'ambo tunampa jina la hapa, ili watu wamzoee. Huyo binti nilimwita Kidawa, jina la mdogo wangu, ambaye hatujasemezana miaka mitatu. Lilinitoka tu, sikulipanga. Desturi ya pili ni kwamba filamu ikichosha, unaacha kutafsiri, unaingiza tangazo.

Sasa, katika ndoto, Kidawa wa filamu anashuka kutoka kwenye runinga. Anatanguliza mwavuli mwekundu, waya wake mmoja umevunjika na kufungwa uzi mweusi, kisha anatoka mwenyewe huku akilikwepa jua la mlangoni. Mapanga anayaegemeza kwenye benchi.

"Shikamoo, mtafsiri," anasema.

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Mia tatu na arobaini."

"Kumbe mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Nisikilize, umenikwamisha."

Akakaa, akakunja mwavuli. "Dakika ya hamsini na mbili," alisema. "Nafika nyumbani kwa mama. Sheria yetu unaijua, mnyonya damu haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Kwa lugha yangu mama ananiambia niingie. Kwa lugha yako amesema nini?"

Nikakumbuka, na masikio yakapata moto. "Amesema magodoro ya Mzee Kupaza yanapatikana nyuma ya stendi, na hayabonyei."

"Hayabonyei," alikubali. "Nimesimama pale tangu Jumamosi. Mama yangu anakata roho, ananitangazia godoro."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Nilimwonea huruma kabisa. Nikamwambia nitamkaribisha sasa hivi, yaishe. Nikainua kipaza sauti, nacho kikakohoa.

"Neno hilo silitoi," kilisema. "Limekukwama wewe mwenyewe muda mrefu. Nenda kwanza kwenye ule mlango wako."

Nageuka, na banda limekuwa ukumbi wa nyumba yangu. Juu ya kichwa changu inaelea mioyo mitatu myekundu, kama kwenye mchezo, hesabu ya maisha yaliyobaki. Kwenye msumari wa mlangoni kinaning'inia kifungu cha vitunguu saumu. Binti anakitazama kwa wasiwasi, maana wanyonya damu hukimbia vitunguu saumu.

"Pita tu, dada," kinamwambia. "Mimi ni wa pilau. Mambo ya kufukuza watu sikuyasomea."

Ndipo nje ikasikika sauti ya mdogo wangu, Kidawa wa kweli. "Hodi!"

Siku hiyo ya hodi niliijua, na kilichoitangulia. Mama yetu alipozidiwa na ugonjwa, Kidawa alinipigia simu niende upesi. Nikamwambia banda limejaa, nimalize filamu kwanza. Nilipofika, mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Siku ya kuanua tanga mdogo wangu akasema mbele ya watu, "Mama alikuita, kaka Hizza, nawe ukawa unawasemea watu wa kwenye runinga." Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Nikaondoka bila kuaga. Arobaini ya mama ilipopita, akaja kwangu kutafuta suluhu. Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya mlango upande wa bawaba, na redio nimeipunguza ili adhani sipo. Alibisha mara tatu, na mtu aliyelelewa akibisha mara tatu bila kuitikiwa huenda zake.

Katika ndoto najaribu kuitikia, mdomo haufunguki. Moyo wa kwanza unapasuka kama nyanya.

"Hodi, kaka!" Wa pili unapasuka.

"Hodi jamani!" Wa tatu nao. Nasikia kandambili za mdogo wangu zikishuka ngazi ya baraza.

"Umekufa," alisema binti wa filamu.

"Wewe ukifa unafanyaje?"

"Naanza upya. Nimekufa mara elfu nne, watoto wa watu wakinibonyeza vibaya. Lakini mdogo wako hayumo kwenye mchezo. Alikuja siku moja, akabisha, akaondoka."

"Basi nimfungulie!"

"Umfungulie nani? Ameshakwenda. Sasa zamu ya kubisha ni yako."

Nikamuuliza, je, asiponiitikia? Alifikiri sana. Niliona hata yale meno ya kubandika yametulia.

"Utasimama mlangoni," alisema. "Si kitu kizuri, mimi nakijua. Na wewe ukikaribishwa, neno litakuwa limepatikana, nami nitaingia kwa mama."

Akafungua mwavuli wake mwekundu. Alisema yeye anatangulia huko kwa mdogo wangu, jua lisije likazidi kuwa kali. Kifungu cha vitunguu saumu kikamkumbusha mapanga. Akasema anakokwenda hayana kazi.

Niliamka asubuhi. Nikapapasa juu ya kichwa changu, nikakuta chandarua. Nikavaa shati, nikatoka bila hata kunywa chai. Kwa Kidawa, kule Manundu, ni mwendo wa robo saa. Mimi nilitumia saa nzima, kwa kuwa nilirudi njiani mara mbili.

"Hodi," nilisema.

Ndani redio ikapunguzwa. Ujanja huo mimi ndiye niliyemfundisha.

"Hodi hapa."

Chini ya mlango, upande wa bawaba, niliona kivuli cha miguu. Ilibaki hodi moja. Nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa tangu nizaliwe, maana nikiitoa bure sitakuwa na nyingine. Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wa jirani aliacha kufagia, akaegemea fagio lake waziwazi.

"Hodi, Kidawa," nilisema. "Mama aliniita na mimi sikuja. Ni kweli ulivyosema siku ile. Na ulipokuja kwangu nilikuwepo."

Kivuli hakikusogea. Nilihesabu pumzi zangu, zikafika kumi na saba.

"Nilijua ulikuwepo," ilisema sauti ndani, upande wa bawaba. Kisha komeo likavutwa. "Karibu. Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nilijibu.

Alikuwa amekonda kidogo, na ameanza kufanana na mama. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akakohoa, akajifanya mkali.

"Viatu viache hapo hapo, pembeni ya huo mwavuli. Angalia usiukanyage, si wangu. Nimeukuta kibarazani alfajiri, na kila ninayemuuliza anasema haujui."

Niliinama nikavua viatu. Ulikuwa mwavuli mwekundu, na waya wake mmoja ulikuwa umefungwa uzi mweusi.