Nusu ya Kichwa

...wala hakupepesa macho, mashine imewaka hapo hapo kando ya sikio lake na yeye katulia vilevile juu ya kibao, mikono ndani ya shuka, kidevu juu, kama aliyeambiwa usitikisike, na mimi sijamwambia, miaka yote hii ya kunyoa vichwa vya watu sijaona mtoto wa umri huu asiyelia mashine ikiwaka, hulia wote, hulia watoto wa askari, hulia watoto wa matajiri, mmoja alinitapikia, mwingine aliniuma kidole gumba na kovu lake ninalo, na mama zao wanaona haya wanaomba radhi, mimi nawaambia hamna neno mama, mtoto anayekataa kunyolewa ni mzima, na huyu katulia, nimeshamaliza upande wote wa kulia, nywele zimemwangukia mabegani, moja imemganda puani na hakuipangusa, ananitazama kwenye kioo, au hanitazami mimi, anautazama mkono wangu, anaufuata kila unakokwenda...

"Mtoto mtulivu huyo," fundi wa matairi anasema kutoka kwenye benchi anapongojea zamu yake, "wa kwangu ungemshika na watu wanne," na mwalimu mstaafu aliyekaa pembeni yake hata gazeti haliteremshi, "Mwenzako ananyolewa, wewe tia maji, halafu usije ukapiga kelele ukashindwa na mtoto wa miaka miwili," wanacheka, na mimi nacheka, mteja akicheka kinyozi hucheka, lakini utulivu gani huu, yule mlezi wa kituo cha kulelea watoto, mimi na mke wangu tulikomchukua, alituambia kwa fahari kabisa, hawa wetu hawasumbui, tunawapanga ukutani tunawanyoa mmoja baada ya mwingine na hakuna anayetoa sauti, nami nikatikisa kichwa kama fundi anayemsifia fundi mwenzake, nikasema moyoni watoto wa adabu hawa, mjinga mimi, sikujiuliza mtoto anafikaje hapo, na hakuna aliyempiga, mlezi ni mtu mwema, alitokwa na machozi tulipoondoka, ila watoto ni wengi na mikono yake ni miwili tu, mtoto akilia asijiwe, akalia tena asijiwe, mwisho anaacha, alie kwa faida ya nani, na ndivyo binti huyu alivyokuja kwetu, asubuhi nafungua mlango wa chumba namkuta macho wazi, nguo zimelowa chapa, kimya, anangoja tu, sijui kaanza kungoja saa ngapi, namwinua, ananiambia asante, neno lake ni hilo moja, ukimpa uji asante, ukimpangusa kamasi asante, mke wangu anamwita Chiriku, eti jina humvuta mwenye nalo, siku moja atatupigia kelele mpaka tuhame nyumba, anacheka akisema hivyo, kisha anakwenda jikoni na kukaa huko muda mrefu na maji ya bomba yanatiririka.

Na mke wangu alinikataza, leo leo asubuhi, anavaa viatu aende zamu yake kwenye kiwanda cha mikate, "Usimnyoe, hajakuzoea bado," nikamwambia atazoeaje kama simgusi, akaniambia, "Huyo si mteja wako, baba," nami kichwa changu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kunyoa, nilikuwa namfikiria mama yangu mzazi aliyesema mtoto wa kinyozi anatembea na msitu kichwani, watu watasema nyumba ile hapendwi, nilikuwa namfikiria afisa wa ustawi wa jamii anayekuja kesho, yule mama mpole mwenye miwani, mara ya mwisho alimtazama mtoto akipakatwa na kila aliyeingia, akasema taratibu, "Anakwenda kwa kila mtu kwa sababu bado hana mtu, nitarudi tuone," tuone nini, na tusipoona je, maana mpaka mahakama ikate neno mtoto bado si wetu, wakisema nyumba hii haikumshika watampeleka nyumba nyingine, na atakwenda, ndilo linaloniua, atakwenda bila kugeuka, juzi muuza sabuni alipita hapa mlangoni akanyoosha mikono kwa utani na mtoto akaenda, akamlalia begani mtu ambaye hajui hata harufu yake, watu wakacheka, jamani huyu mtoto ni mtu wa watu, na mimi mkasi ukanitoka mkononi... na nisijidanganye, si yeye peke yake, mimi pia nimejibana, namshika kama sahani ya kuazima, namwosha, namlisha, nampeleka kliniki, kila kitu sawasawa, na ndani mlango nimeurudishia, najisemea ngoja kwanza mahakama, ngoja kwanza waseme, utajuaje kama mtoto hakuhisi, watoto wanahisi, yule anakaa kimya anangoja na mimi nakaa kimya nangoja, tumekutana wawili.

"Fundi, umelala?" mwalimu ananiuliza, mashine inanguruma hewani haijagusa kitu, kumbe nimesimama, nasema hapana mwalimu, natafuta pa kuanzia, nusu ya kichwa inang'aa, nusu msitu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nainamisha sikio la kushoto kwa kidole na chini ya kidole nasikia mshipa wa shingo, unakimbia, Mungu wangu, unakimbia hivi na uso umetulia kama hakuna kitu, mabega yamekaza, chini ya shuka ngumi zimefumbwa, anaogopa, muda wote huu alikuwa anaogopa na mimi nikampitishia mashine kutoka paji la uso mpaka kisogo, nazima. Nachuchumaa mpaka uso wangu uwe sawa na wake, magoti yanalia, fundi wa matairi anasema nini sijui kuhusu uzee, naiweka mashine kwenye kiganja aione, imezimika, chuma tu, na ninamwuliza kitu ambacho sijawahi kumwuliza mtoto yeyote kwenye kiti hiki, sijui hata kinatoka wapi, "Unataka baba aendelee?"

"Asante," anasema.

Ningekufa hapo. Mwalimu anasema, "Amekuruhusu, maliza," na mkono wangu unataka kumaliza, mkono wa kinyozi haupendi kazi ya nusu, dakika mbili tu ningekuwa nimemaliza, lakini nauliza tena, polepole, mama, unataka au hutaki, ukisema hutaki baba ataacha, na macho yake yanatoka kwenye mashine yanakuja kwangu, yanarudi kwenye mashine, nywele ile bado iko puani, anafungua mdomo anaufumba, na ninaona sielewi ninaomba nini, naomba anikatae, nani huomba hilo, "Sitaki," kadogo, nusura nisisikie, halafu, "Sitaki!" na kiganja kinatoka ndani ya shuka kinaipiga mashine inaanguka sakafuni inavunjika meno, na kilio kinaanza kwa shida, kinakwama, kinakohoa kama gari lililolala kwenye baridi, kisha kinawaka, jamani kinawaka, sijui kilikuwa kimekaa wapi mwilini mwa mtoto mdogo hivi.

"Ehe, umemchokoza sasa," fundi wa matairi ameshanyanyuka, ana moyo mzuri yule, ananyoosha mikono yake yenye mafuta, "Njoo kwa babu, tumwache kinyozi mbaya," na mtoto anamtazama, anaitazama ile mikono iliyonyooshwa, anamtazama tena, na anageuka, anakuja kwangu, kwangu mimi niliyemtisha, anajitupa kutoka kwenye kibao na shuka lake na nywele zake zote, namdaka, ameshika shati langu kwa ngumi mbili, kamasi na machozi vinanipenya mpaka kifuani, ananipiga kwa kisigino, amekasirika, amenikasirikia mimi, na hataki mwingine. "Mnyamazishe basi," mwalimu anasema, nani amnyamazishe, lia mama, lia, nami nimeshaanza kulia mbele ya wateja na sijali, na hofu haijaondoka, mtu asije akaniambia imeondoka, imekuwa kubwa zaidi, asubuhi niliogopa hatanipenda na sasa naogopa kesho, naogopa mahakama, naogopa homa, naogopa maji ya moto na barabara na mbwa wa jirani, naogopa kila kitu kinachoweza kumfika, mlango wa ndani umeng'oka na bawaba zake na siwezi tena kuurudishia, wakija kumchukua itabidi wanichukue na mimi, na hatujaondoka hapa, kiti kiko pale pale, fundi wa matairi bado amesimama na mikono yake mitupu, kwenye kioo naona kichwa kidogo begani kwangu, upande mmoja unang'aa na mwingine umesimama wima, na mwalimu ameliteremsha gazeti.

"Sasa utamwacha hivyo, nusu?"

"Mwanangu amesema hataki."