Barua Aliyosoma Alwyn Threlfall

Alwyn Threlfall alikuwa haandiki kwa kifupi. Kama ulikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni la tawi letu la chama pale Calderbeck, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, ulimjua kwa maandiko yake marefu kabla hujamjua kwa sura: "Ndugu zangu wapendwa," halafu maneno yanaporomoka kama makaa kutoka kwenye gunia lililotoboka. Mimi nilimjua kwa sura tangu utotoni. Alifanya kazi na mama yangu, Edna, kwenye ofisi ya kupanga barua za posta. Mama alipolazwa mara ya mwisho, macho yameshakufa, Alwyn ndiye aliyekuwa akienda wodini kila asubuhi kumsomea gazeti, kurasa za siasa kwanza. Nalisema hili mapema msije mkadhani nililomtenda nilimtenda mtu baki.

Mwaka ule chama chetu kilipigwa vibaya kwenye uchaguzi mkuu. Kiongozi akajiuzulu asubuhi yake, mvua inanyesha, na sisi wanachama tukatakiwa kuchagua mwingine. Wagombea wakabaki wawili. Verity Langstaff, mwanasheria aliyegeuka mbunge, alijua kusema kwenye televisheni na aliahidi kuturudisha madarakani. Callum Dray, fundi wa zamani wa reli, alikuwa msemaji mbovu, ila alilosema mwaka wa kwanza ndilo alilosema mwaka wa ishirini. Mimi nilikuwa katibu wa tawi na msimamizi wa lile kundi, na nilikuwa wa Langstaff. Alwyn alikuwa wa Dray, mwili na roho.

Mwenye ulimi katika upande wetu alikuwa Fraser Lumb. Miaka thelathini na minne, mfanyakazi wa ofisi ya nyumba za halmashauri, anautamani udiwani mpaka mate yanamtoka. Fraser alikuwa na kipaji cha kumnyoa mtu bila maji. Alwyn akiandika kwamba kiongozi si sauti nzuri ya redio, na kwamba Langstaff amekaa bungeni miaka kumi ananusa upepo unakovuma, Fraser humjibu kwa mstari mmoja:

"Mzee, hili ni andiko au kifungo? Nimefika katikati, naomba msamaha wa rais, na hata rais hatuna."

Watu mia wanacheka. Alwyn naye hakujua kunyamaza.

"Kijana," aliandika, "mimi nilianza kugonga milango kukiombea kura chama hiki wewe bado hujazaliwa."

"Tunajua, mzee wangu. Watu wakikuona dirishani wanazima televisheni na kulala chini ya meza. Ndiyo maana tumeshindwa."

Vicheko tena. Nami, msimamizi, niliyetakiwa kusema jamani basi, nilicheka nao. Tena tulikuwa na kundi la pembeni, watu watano tu, tuliloliita Jikoni kwa kuwa mimi ni mpishi wa shule. Huko ndiko tulikomchana Alwyn vipande vipande, suruali zake, makosa yake ya tahajia, mkewe aliyemkimbia mwaka wa themanini na tisa. Yale ambayo usingeyasema mbele ya mtu, huko yalikuwa chumvi ya mazungumzo.

Kisha akanigeukia mimi, mbele ya kundi zima. Ilikuwa Jumanne. Aliandika kwamba katibu wa tawi amekuwa kijakazi wa Fraser Lumb, anafuta maoni ya watu wa Dray na kuacha matusi ya watu wa Langstaff. Hilo lilikuwa kweli. Lakini akaongeza: "Edna angemwona binti yake leo, angeona haya."

Nilisoma maneno yale nimesimama mbele ya sufuria ya viazi vya watoto mia mbili. Nilifungua Jikoni kwenye simu, nikaandika: "Huyu mzee sasa nataka aumie."

Fraser alijibu kabla viazi havijachemka. "Dada, Langstaff anakuja ukumbini kwetu Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee lazima atasimama kuuliza. Kwa nini tusimpe kitu cha kusoma?"

Aliitunga barua mwenyewe, na aliitunga vizuri. Ilikuwa kana kwamba Langstaff amemwandikia rafiki yake, kwenye karatasi yenye nembo ya Bunge: "Watu wa miji hii ya kaskazini ni wa kuombwa kura, si wa kusikilizwa. Wape chai na biskuti, waache walalamike, watarudi makwao wameridhika." Ufundi wenyewe ulikuwa kwenye tarehe. Fraser aliweka mwaka ambao Langstaff alikuwa bado hajaingia bungeni. Mtu yeyote mwenye simu angegundua kwa dakika moja. Akaituma kwa Alwyn kupitia akaunti ya jina la uongo, mtu anayejidai amewahi kufanya kazi makao makuu.

Kumbe Alwyn hakuwa mjinga kiasi tulichodhani. Alhamisi, watoto wameshakula na mimi nafuta meza, aligonga mlango wa nyuma wa jiko la shule. Amevua kofia, ameikunja mkononi.

"Binti Edna," alisema, "najua umenikasirikia. Lile la mama yako lilinitoka vibaya, na ninakuomba radhi. Ila kuna jambo, na sina mwingine wa kumwuliza." Akanipa ile barua, ameichapa kwenye karatasi. "Wewe unawajua watu wa makao makuu. Hii ni kweli au wananichezea?"

Niliishika kana kwamba naiona mara ya kwanza. Naapa kulikuwa na nafasi pale, pana kama mlango wa kanisa. Alikuwa ameshaniomba radhi. Ningesema tu, Alwyn, ichane.

"Ni kweli," nilisema. "Nimeiona yenyewe kwa macho yangu. Makao makuu wote wanaijua, wanaogopa tu kusema."

Akaweka kidole kwenye tarehe. "Na mwaka huu? Mbona kama alikuwa hajawa mbunge?"

"Alikuwa msaidizi wa mbunge mwingine. Karatasi alikuwa anazo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyetua mzigo. "Wewe ukisema, inanitosha. Edna hakuzaa mwongo."

Alipoondoka niliandika Jikoni: "Samaki kameza ndoana na kamba yake." Fraser akajibu: "Wewe ni malkia."

Jumamosi ukumbi ulijaa, watu kama mia mbili, makoti yamelowa na chai imepangwa mezani. Alwyn alikuja na suti nyeusi, ile aliyovaa siku tuliyomzika mama. Langstaff alizungumza nusu saa, akashangiliwa, kisha akakaribisha maswali. Alwyn alikuwa amesimama kabla ya mwenyekiti kumaliza sentensi.

Aliisoma barua yote. Sauti yake ilikuwa nzuri siku hiyo, haikutetemeka. Alipofika kwenye chai na biskuti ukumbi ulikuwa kimya, na kwa sekunde chache niliogopa kwamba watu wangemwamini. Akaishusha karatasi, akasema, "Bibi Langstaff, sisi tumefanya kazi, tumezika watu wetu, tumelipa ada za chama hata wakati wa mgomo. Nataka ututazame usoni utuambie kwa nini uliandika haya."

Langstaff hakupandisha sauti. "Bwana Threlfall, barua hiyo ina tarehe gani?"

Akaisoma.

"Mwaka huo sikuwa mbunge wala msaidizi wa mtu. Nilikuwa nyumbani Leeds na watoto mapacha wachanga. Hata kikaratasi cha kumwagizia muuza maziwa sikuwa na muda wa kukiandika."

Ukumbi ulilipuka. Hakikuwa kicheko cha furaha, kilikuwa kicheko cha watu waliokaribia kudanganywa na wanataka kuonyesha kwamba wao hawakudanganywa hata kidogo. Fraser alikuwa amesimama pembeni na simu yake, anarekodi.

"Nani amekupa?" Langstaff aliuliza. Sasa alionekana kumhurumia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Alwyn aliyazungusha macho ukumbini. Yalipita kwa Fraser, yakapita kwa mwenyekiti, yakafika kwangu, mstari wa pili, daftari la muhtasari mapajani. Yakatua. Nikasubiri. Yakaondoka.

"Nimeipata mwenyewe," alisema, akakaa.

Mpaka Jumatatu video ilikuwa imetazamwa mara laki nne. Walimpa jina: Mzee Tarishi, yaani mpeleka barua asiyesoma tarehe. Walimwekea muziki, wakamwekea pua ya punda. Dray mwenyewe, yule ambaye Alwyn alimpigania usiku na mchana, aliulizwa redioni akasema hamjui mtu huyo na hamtaki karibu na kampeni yake. Kwenye baa mtu mmoja aliagiza pinti ya bia akasema, "Na barua moja ya bandia pembeni," watu wakaanguka kwa kicheko. Alwyn alikuwa amekaa palepale kaunta. Alimaliza bia yake bila haraka, akavaa kofia. Hakurudi tena.

Ofisi ya chama ya kanda ilituma watu watatu kumhoji kwa kosa la kumsingizia mgombea kwa waraka wa kughushi. Katibu wa tawi ndiye huandika muhtasari. Nikaketi mezani, kalamu mkononi, hatua mbili kutoka kwake.

"Nani alikupa waraka huu?"

"Sina la kuongeza."

"Bwana Threlfall, ukitaja jina, jambo hili litakuwa jingine kabisa. Tunaona wazi kwamba ulichezewa."

"Sina la kuongeza."

Walimwuliza mara tatu. Mara tatu niliandika: *Hana la kuongeza.* Miaka arobaini na moja ya uanachama ikaisha kwa kura tatu kwa sifuri. Barua ya kumfukuza ilikuja kwangu niitie sahihi, nikaitia, nikaipeleka posta.

Mwezi mzima nilijiambia alinyamaza kwa ajili ya mama. Nilipenda wazo hilo, lilinipa usingizi. Mwishowe likanipa na ujasiri. Jumapili moja ya Novemba, saa nne asubuhi, nikaenda kwake.

Alinifungulia bila kushangaa. Akanikaribisha jikoni, akabandika birika, akanimiminia chai na maziwa kama anavyojua naipenda.

"Nimekuja kukuomba radhi, Alwyn."

"Kwa lipi?"

"Unajua."

"Nataka nikusikie."

Nikasema. Barua, Fraser, Jikoni, jiko la shule, yote. Alisikiliza huku akifuta makombo ya mkate mezani kwa kiganja, anayakusanya mahali pamoja.

"Kwa nini hukunitaja?" nilimwuliza. "Ungenitaja ungekuwa bado mwanachama."

"Unataka niseme ni kwa ajili ya Edna."

Uso wangu nadhani ulijibu.

"Siyo kwa ajili ya Edna," alisema. "Ningekutaja, ungelia pale mbele yao. Ungesema Fraser alikushawishi, na ulikuwa na uchungu wa mama yako. Wangekupa onyo. Nawajua, nimekaa nao maisha yangu yote. Baada ya wiki tatu ungekuwa mwepesi kama unyoya, na watu wangekuletea maua kwa ushujaa wako wa kukiri." Akanyanyua macho. "Mimi sikutaka uwe mwepesi, Glenys."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nilikuwa binti Edna tangu nikiwa na miaka minne.

"Basi nitasema mwenyewe," nilisema. "Leo hii. Nitaandika kwenye kundi, kila mtu asome."

"Andika. Nani kakushika mkono?"

Nikakizungusha kikombe mezani.

"Fraser anagombea udiwani mwezi wa tano, na wewe ndiye meneja wa kampeni yake. Nimesoma. Kundi lenu bado nalisoma." Alitabasamu, na lile tabasamu sikuwahi kuliona kwake, nadhani sisi ndio tuliolitengeneza. "Hutaandika, mama. Ungekuwa wa kuandika ungeandika kabla ya kuja hapa. Umekuja ili nikwambie si lazima."

"Nisamehe, Alwyn."

"Hapana. Kunywa chai, inapoa."

Nikainywa. Alikaa akanitazama mpaka nilipofika chini, akachukua kikombe, akakisuuza, akakiweka palepale kilipokuwa. Kisha akaenda kufungua mlango wa mbele na kuushika wazi mpaka nilipotoka.

Niliandika, ili nimtie Alwyn aibu kwa kunidhania vile. Nilikaa sebuleni mchana kutwa nikaandika kila kitu, majina na tarehe. Nikasoma. Nikabadilisha neno hili na lile. Kila nilipolibadilisha, kosa lilizidi kuwa la Fraser na kupungua kuwa langu, mpaka nikaona kwamba hata kukiri kwenyewe kumekuwa kijembe. Nikafuta. Badala yake niliweka tangazo la mkutano wa Jumatano.

Langstaff alishinda uongozi wa chama kwa kura nyingi. Mwezi wa pili bango la kuuza nyumba likasimama mlangoni kwa Alwyn. Wanasema amehamia kwa dada yake Wales, hakuna aliyeagwa. Mwezi wa tano, Ijumaa mchana, kura za udiwani zilihesabiwa, na Fraser akashinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili. Alipanda jukwaani na koti jipya, akawashukuru wapiga kura, akamshukuru mama yake, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Bila huyu dada," alisema, "nisingekuwa hapa. Hajui uongo, na hamwachi mtu njiani."

Ukumbi ukapiga makofi. Nami nikapiga.